Bei ya Mkono wa Fundi

Mimi huuza ndizi. Nanunua mikungu kwa wakulima wa upande wa Nyamira, kuanzia Kebirigo hadi vijiji vya karibu na Konate, naiteremsha Kisii hadi soko la Daraja Mbili, na kutoka hapo wachuuzi wengine huichukua wakaipeleka mbali. Kazi yote hiyo imebebwa na gari moja, Toyota Probox yenye gia za mkono, inayoendeshwa na kifungua mimba wangu. Ushuhuda wangu unahusu gari hilo na watu wanaolitengeneza, hasa namna ninavyowalipa. Katika jambo hilo nimebadilika, na wanawake wenzangu wa chama wameniuliza habari zake mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri niziandike mara moja.

Nimelelewa sokoni. Tangu nikiwa msichana nikimfuata mama na kikapu, nimejua kwamba bei ya kwanza ni ya kuanzia mazungumzo. Mkungu unauona kwa macho. Unauinua, unatazama vidole vyake, unajua kama umekomaa au umekatwa kabla ya wakati, kisha ndipo mnavutana. Nilipopata gari niliingia gereji na mdomo uleule. Fundi akisema elfu sita, mimi nasema elfu tatu, tunakutana elfu nne, na ninaondoka moyo wangu umetulia. Wote ninaowajua hufanya hivyo. Spea ina bei ya duka, imetoka Japani au Dubai, na mwenye duka hana habari na maneno yako. Ufundi, kwa upande mwingine, ni mkono wa kijana wa hapahapa, mtoto wa fulani, na kwa mkono huo kila mtu anaona ana haki ya kupunguziwa.

Milima yetu si rafiki wa injini. Mji wa Kisii wenyewe uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Nyamira unazidi kupanda. Serikali ya Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, lakini hesabu hiyo huishia bandarini Mombasa. Baada ya hapo gari huanza maisha mengine, likipita kwa mwenye teksi, kwa mwalimu, kwa mchukuzi wa maziwa, mpaka limfikie mtu kama mimi ambaye hulipakia mikungu hadi springi za nyuma zilale. Injini yake ni ya lita moja na nusu. Ni injini imara, lakini ina kikomo chake.

Siku moja katika msimu wa mvua ndefu gari lilichemka mlimani. Kijana wangu alisimama, akasubiri lipoe, akachota maji ya mto akaongeza kwenye rejeta, akaendelea. Likachemka tena. Tulipolifikisha kwa fundi mmoja mwenye uwanja wake wa jua kali pembeni ya mji wa Kisii, alichomoa kijiti cha kupimia oili akanionyesha. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili, maana yake gasketi ya hedi imeungua.

Kwa asiyejua, hedi ni kile kipande cha juu cha injini kinachofunika silinda, na gasketi ni kama karatasi ngumu ya chuma iliyolala katikati yao, ikizuia moto, maji na oili visikutane. Ikiungua, huwezi kuibadilisha bila kuifungua injini karibu nusu. Mnyororo wa taiming hutolewa, manifoldi hutolewa, hedi huinuliwa. Si kazi ya mchana mmoja. Ni miongoni mwa matengenezo makubwa ambayo mwenye gari huyasikia akakaa chini kwanza.

Kijana yule wa jua kali aliniandikia nyuma ya pakiti ya spea: ufundi shilingi 5,000, na orodha ya spea za shilingi 19,500. Jumla 24,500. “Spea niachie mimi, mama,” akasema. “Najua duka zuri.”

Elfu tano kwa injini nzima kufunguliwa! Nilikuwa tayari nimefungua kinywa nimwambie elfu nne. Ni mwanangu aliyenivuta pembeni akasema tuulize kwingine kwanza, kwa kuwa pesa yenyewe ilikuwa nyingi na msimu wa ndizi ulikuwa mbovu. Nikakubali. Gari lililokufa halizunguki kuuliza bei, anayezunguka ni mwenyewe. Nilichukua daftari langu la madeni ya wateja, nikafungua ukurasa mpya, nikaanza kutembea.

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba swali langu halikuwa swali. Nilikuwa nikiingia gereji na kusema, “Kubadilisha gasketi ya hedi ya Probox ni ngapi?” na kila mmoja alinipa namba yake. Zilitofautiana mno. Gereji moja mjini Kisii, yenye ukuta, lango na mtambo wa kuinulia magari, ilisema ufundi ni 18,000. Nilipopiga simu karakana moja kubwa ya Kisumu, mtu aliyepokea aliniambia wao hawatozi kwa kazi bali kwa saa. Wana kitabu kinachoonyesha kazi hiyo huchukua saa ngapi. Kwao ilikuwa saa 10, kila saa 3,500, halafu VAT ya asilimia 16 juu yake. Nikapiga hesabu nikapata 40,600, na hapo hatujagusa hata spea moja. Elfu tano, elfu kumi na nane, elfu arobaini na zaidi. Mkungu mmoja wa ndizi hauwezi kuwa na bei tatu za namna hiyo katika soko moja. Ama wawili kati yao walikuwa wezi, ama hawakuwa wanauza kitu kimoja.

Nikarudi kwa yule wa mjini mwenye ukuta nikamwomba anieleze ndani ya 18,000 kuna nini. Hakukasirika. Alinikalisha kwenye benchi akanihesabia. Kuna kufungua na kufunga. Kuna kuipeleka hedi kwa watu wa mashine ikapimwe kama imepinda, isagwe iwe bapa, na ipimwe kwa presha kama ina ufa. Kuna kusafisha njia za maji. Kuna kutafuta kwa nini gari lilichemka tangu mwanzo, maana gasketi haiungui yenyewe. Na kuna dhamana ya miezi mitatu, kwamba likichemka tena kwa sababu ya kazi yake hatanitoza ufundi. Kisha yumo mlinzi wa usiku, kodi ya kiwanja, stima, leseni ya kaunti, na mtambo ule ambao bado anaulipia mkopo. Nikaandika yote.

Nilipomrudia kijana wa jua kali na orodha ile, nilimuuliza kama hedi itapelekwa kwa mashine. Akasema si lazima, ataipiga msasa. Nikauliza kama boliti za hedi zitakuwa mpya. Akasema zilezile bado ni nzuri. Nikaandika hayo pia.

Kisha nikaenda Keroka. Mji huo uko mpakani kabisa, kaunti ya Kisii na ya Nyamira zimewahi kuvutana juu ya nani akusanye ushuru wa soko lake, na mafundi wake hupata magari ya pande zote mbili pamoja na malori yanayoelekea Sotik. Huko kuna mzee mmoja ambaye wakulima wa chai humtegemea kwa pikapu zao. Ukutani mwa kibanda chake kimetundikwa cheti cha ufundi wa magari, Gredi ya Kwanza, alichofanyia mtihani miaka ambayo NITA, mamlaka ya serikali inayosimamia mafunzo ya viwandani, ilikuwa bado ni idara tu. Mtihani huo huanza Gredi ya Tatu, na wengi huishia hapo au hawaufanyi kabisa. Mzee ameufanya wote.

Nilimwamkia, nikamweleza, nikamwonyesha daftari. Alivaa miwani akasoma polepole kila mstari.

“Ufundi wangu ni elfu kumi na mbili,” akasema. “Spea utanunua wewe mwenyewe. Mimi nitakuandikia orodha, utaenda duka lolote unalotaka, utaniletea na risiti ukae nayo wewe.”

Nikamwambia, “Mzee, kuna anayefanya kwa elfu tano.”

“Mama, hakuna anayefanya kwa elfu tano. Hebu chukua orodha yake ya spea uende nayo madukani bila yeye.”

Hilo ndilo neno lililonigeuza. Nilishuka Kisii siku hiyohiyo na pakiti ya yule kijana mkononi, nikaingia maduka ya spea moja baada ya jingine nikiuliza bei kama mteja mwingine yeyote. Seti ya gasketi aliyoniandikia 6,500 niliipata kwa 4,200, ya kampuni ileile. Pampu ya maji ya 4,500 ilikuwa 3,000. Thamostati ya 2,500 ilikuwa 1,600. Kipozeo cha rejeta cha 2,400 kilikuwa 1,600. Oili pamoja na filta alizoandika 3,600 zilikuwa 3,100. Spea za 19,500 zilikuwa spea za 13,500. Elfu sita zilikuwa zimekaa katikati. Ukizijumlisha na elfu tano za ufundi unapata 11,000. Kutoka hapo hadi 12,000 za mzee si mbali, na 11,000 hizo hazikuwa na mashine ya kusaga hedi wala boliti mpya.

Kuna watu ambao hapa wangeanza kutukana. Mimi nilimtafuta kijana yule, nikamkuta amelala chini ya Hiace, nikangoja atoke. Nikamwambia, “Mwanangu, sikuja kugombana. Nimezunguka madukani, najua bei. Nataka tu unieleze.”

Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayarudia kila ninapoulizwa. “Mama, nikikuambia elfu kumi na moja za ufundi, utaondoka. Wote huondoka. Nikisema elfu tano, unabaki, na bado utaniomba nipunguze hadi nne. Mimi na huyu msaidizi wangu tutafungua injini siku tatu. Elfu nne tugawane, tule, nilipe kiwanja. Itatoka wapi? Duka hunirudishia kitu kidogo. Hapo ndipo mshahara wangu ulipo.”

Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa nilikumbuka kila elfu niliyompunguza mtu kama yeye. Sisi wateja ndio tuliofanya ufundi uwe jambo la kuombea msamaha. Tumewafundisha mafundi kwamba pesa ya mkono wao ikitajwa waziwazi itakatwa, lakini ikifichwa ndani ya kipuri italipwa bila neno. Nao wamejifunza. Hasara yake haiishii kwenye elfu sita. Fundi ambaye mshahara wake uko dukani ana sababu ya kubadilisha kipuri ambacho hakijaharibika, na hana sababu yoyote ya kutumia saa nzima akitafuta chanzo cha ugonjwa, kwa kuwa saa hiyo haina duka la kuirudishia. Kazi ya kichwa, ile ya kupima na kufikiri, ndiyo inayookoa injini, na ndiyo ambayo hatujawahi kukubali kuilipia.

Tangu siku hiyo sikuuliza tena bei ya ufundi peke yake. Niliandika kazi moja, kwa maneno yaleyale, kwenye karatasi: kufungua, hedi kwa mashine, boliti mpya, njia za maji kusafishwa, chanzo cha kuchemka kutafutwa, kufunga, gari kujaribiwa mlimani likiwa na mzigo. Nikapeleka karatasi ile kwa kila mmoja niliyekuwa nimemuuliza. Ajabu ni jinsi namba zilivyosogeleana. Kijana wa jua kali, aliposoma orodha yote, alisema kwa kweli ufundi wake ungekuwa 10,000, lakini hana renchi ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza boliti. Mzee hakubadilisha 12,000 yake. Wa mjini akabaki 18,000. Kisumu ikabaki kuwa Kisumu, na siwalaumu, kwa kuwa wanalipia jengo, vifaa vya kompyuta na kodi ambazo uwanja wa jua kali haulipi. Kwa mwenye gari jipya lenye elektroniki nyingi huenda hiyo ndiyo nafuu. Kwa Probox ya ndizi, hapana.

Palibaki swali la siku, na hapo nataka wenzangu wa chama wasome kwa makini, kwa sababu wengi hulisahau. Wa mjini alisema siku mbili. Mzee alisema siku nne, naye ni Mwadventista, kwa hiyo Ijumaa jua likielekea kuzama spana hurudi sandukuni na Sabato haifunguliwi boliti. Mimi siku gari likiwa halipo hukodi jingine kwa 3,500. Kama ningekuwa naliendesha kila siku, siku mbili zaidi zingenigharimu 7,000, na fundi wa 18,000 angekuwa rahisi kuliko wa 12,000. Mwenye teksi ya kila siku na apige hesabu hiyo kabla hajaniiga. Lakini mimi hubeba siku za soko tu. Katika zile siku nne ningekodi mara moja, na katika siku mbili za mjini pia ningekodi mara moja. Basi gari likavutwa hadi Keroka.

Ufundi niliolipia nilitaka kuuona, nami nikakaa niuone. Hedi ilipotoka, mzee aliiweka juu ya benchi, akalaza rula ndefu ya chuma juu ya uso wake, akaniita niiname nitazame kwa upande wa mwanga. Chini ya rula, karibu na silinda za katikati, mwanga ulipita. Akachukua vipimo vyake vyembamba vya chuma, akawa anavipenyeza kimoja kimoja mpaka kimoja kikakwama. “Hapo msasa ungefanya nini?” akaniuliza. Hedi ikaenda kwa watu wa mashine ikasagwa kwa shilingi 2,000. Boliti mpya kumi zilinigharimu 1,800.

Wakati wa kuifunga aliwafukuza vijana wote waliokuwa wakipiga soga. Boliti za hedi ya injini ile hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwanza kwa renchi inayopima nguvu, kisha kila moja huzungushwa robo mzunguko, digrii 90, kisha zote zinarudiwa robo nyingine. Ili asipotee hesabu, mzee alichovya kijiti katika rangi nyeupe akaweka nukta kwenye kichwa cha kila boliti, upande wa mbele. Alipomaliza robo ya kwanza nukta zote zilikuwa zimegeukia ubavuni. Alipomaliza ya pili zote kumi zilitazama nyuma. Akazipitia kwa kidole moja moja. Dakika zile hazimo katika risiti ya duka lolote, na ukimkatia fundi elfu mbili, hizo ndizo zitakazokatwa kwanza.

Chanzo pia alikipata. Rejeta ilikuwa imeziba nusu yake kwa kutu na matope, kwa kuwa kwa miaka mingi gari lilikuwa likinyweshwa maji ya mto badala ya kipozeo. Ni sisi wenyewe, na waliokuwa nalo kabla yetu. Kama angebadilisha gasketi peke yake, ningekuwa barabarani tena kabla ya mwezi kwisha. Rejeta ikafunguliwa ikasafishwa, na hakuitoza zaidi, akisema imo ndani ya kutafuta chanzo, nami nimeshailipia.

Nilimtumia 12,000 zote kwa M-Pesa, nusu mwanzoni na nusu baada ya gari kupanda mlima na mzigo. Ukijumlisha spea, mashine na boliti nilitumia 29,300. Ni zaidi ya 24,500 za pakiti ya kwanza, na sijutii hata shilingi moja.

Binti yangu, ambaye anasoma kuliko mimi, alinionyesha baadaye kwamba haya niliyoyafanya kwa kubahatisha yamo katika sheria. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari. Inamtaka fundi ampe mteja makadirio kabla ya kumtoza, bei ya mwisho isiyapite makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10, na mteja arudishiwe vipuri vya zamani akivitaka. Nimeuliza watu wengi wenye magari, Kisii na Nyamira, na sijakutana na aliyewahi kusikia kifungu hicho. Naona uchungu. Sheria ya kumlinda mama wa ndizi imekaa kabatini miaka yote hii, wakati karatasi moja ya makadirio ingetosha kumlinda yeye na fundi wake pia. Ndiyo, na fundi pia. Fundi mwenye karatasi iliyokubaliwa hawezi kukatwa na mteja mjanja siku ya kuchukua gari, na hilo huwapata mara nyingi.

Sasa desturi yangu ni hii. Kazi ikizidi shilingi elfu tatu naiandika mwenyewe kwa maneno yangu, napeleka karatasi moja kwa mafundi wanaojua gari langu, na kila mmoja anaandika ufundi wake peke yake, siku zake, na kilichomo. Spea nanunua mimi. Vipuri vya zamani nabeba nyumbani hata kama ni takataka. Ufundi ukishaandikwa siukati. Kama ni mkubwa kwangu, naomba tupunguze kazi, tuache lisilo la lazima lisubiri, lakini bei ya mkono naiacha ilivyo. Mwanzoni wenzangu wa chama walisema nimelegea. Mmoja aliyelinganisha kazi ya giaboksi kwa njia hiyo, kati ya Nyamira mjini na Kisii, alikuta aliyekuwa ghali kwa ufundi ndiye aliyekuwa nafuu kwa jumla, na tangu hapo tumeweka karatasi ya mfano katika faili ya chama ili kila mwenye gari au pikipiki ainakili.

Si kila fundi ameipenda. Wapo walionirudishia karatasi wakisema hawafanyi kazi za maandishi, na kuna mwenye duka ambaye huniangalia vibaya nikiingia bila fundi. Siwezi kumlaumu sana, nimemkatia mtu njia. Lakini kijana wa jua kali hakunirudishia. Alinunua renchi ya kipimo, ya mtumba, na akaja kunionyesha.

Wiki hii klachi imeanza kuteleza mlimani. Nimekusanya karatasi. Gereji ya mjini ni 7,000 na siku moja, mzee wa Keroka ni 5,000 lakini ana foleni ya pikapu za chai, na kijana ameandika 4,500, siku moja na nusu. Karatasi yake ndiyo ndefu kuliko zote: kuteremsha giaboksi, pleti na presha pleti, beringi, kukagua flaiwili kama imeungua, na mstari wa chini unaosema kwamba akikuta sili ya nyuma ya injini inavuja ataniita niione kabla ya kuibadilisha, ufundi wa nyongeza 500. Nimempa yeye. Sijamwomba apunguze. Gari litamfikia Jumapili asubuhi, maana Jumamosi yeye na mimi tuko kanisani.